Udongo Mweusi wa Wacuka

Wacuka alizaliwa penye udongo mwekundu, na kosa lake lilitokana na hilo. Mwaka wa 1979 alipopewa ploti katika mtaa mpya ng'ambo ya mto, huko Eastlands, mashariki mwa jiji, alichota udongo wake mweusi kiganjani, akaunusa, akaridhika. Kwao ungekuwa shamba la kuringia. Akachimba mfereji wa kina cha goti, kama babake alivyochimba, akajenga msingi. Mvua za Aprili zilipofika, udongo ulivimba kama unga uliotiwa hamira, na msingi ukapasuka mahali panne.

Mkaguzi wa mradi wa nyumba hakumlaumu, alikwisha kuona misingi mingi ya aina hiyo, yote ya watu wa milimani. Alimpa wiki mbili. Udongo wote mweusi uchimbwe hadi mwambani na uondolewe kwenye ploti. Ijumaa ya pili angerudi, na kama hangekuta mwamba, ploti ingepewa anayefuata kwenye orodha. Wacuka, mjane mwenye mabinti watatu, alikuwa amekaa katika orodha hiyo miaka mitano.

Kuchimba hakukumtia hofu. Alikuwa mmoja wa kina mama kumi waliojengeana kwa zamu, na kwa siku nane walichimba wakaufikia mwamba. Tatizo lilikuwa ule mlima uliosimama kando ya shimo. Udongo haukuruhusiwa kutoka bila kibali cha ofisi ya mradi, na kibali hakikutolewa bila sahihi ya mwenye ardhi utakakopelekwa.

"Nani anautaka, mama?" karani Patrobas alimuuliza dirishani Jumanne ya mwisho, fomu ya manjano mkononi. "Mtaa mzima unautoa. Lete sahihi, nigonge mhuri."

"Na nikiikosa?"

"Basi udongo ubaki."

"Na ukibaki?"

"Mkaguzi atakuja."

Hakuwa mkatili. Alikuwa karani tu, jambo ambalo mara nyingi huleta matokeo yaleyale.

Wacuka alikaa kwenye benchi. Kando yake alikuwa Abukar, muuza vitambaa kwa jumla, akiitazama fomu yake ya buluu kana kwamba imemtukana.

"Mama, wewe wanakunyima nini?"

"Ruhusa ya kutoa udongo, mzee."

Abukar aligeuka taratibu. "Mimi wananinyima ruhusa ya kuuleta."

Ploti yake ilikuwa juu ya machimbo ya zamani ya mawe. Nyumba ilikwisha kusimama, lakini nyuma yake palikuwa na shimo la kumeza ng'ombe, na familia haikuruhusiwa kuhamia kabla halijajazwa. Alichokosa ni sahihi ya mwenye ardhi udongo utakakotoka.

"Shimo lako lina ukubwa gani?" Wacuka aliuliza.

"Mlima wako una urefu gani?"

Walirudi dirishani pamoja.

"Patrobas," alisema Abukar, "nimekuja hapa Jumanne tatu. Huyu mama amekuja mara ngapi?"

"Wewe uko faili la buluu," Patrobas alieleza kwa subira. "Yeye yuko faili la manjano."

Walitiliana sahihi palepale, kwa kalamu ya Patrobas, naye akagonga mihuri miwili. Vibali vingekwisha Alhamisi jioni.

Jumatano asubuhi dereva wa lori alifika mwanzo wa kichochoro, akautazama utelezi, akarudisha gia nyuma. "Hapa hata tingatinga litaomba msamaha," alisema.

"Tungoje jua?" Abukar aliuliza.

"Jua halina kibali," alijibu Wacuka.

Wale kina mama walijaza magunia nusunusu, wakayafunga ukanda, wakaupitisha ukanda juu ya paji la uso kama wanavyobeba kuni. Wakainama, wakaenda. Vichochoro vinne kwenda, vinne kurudi, matope hadi vifundoni. Ruqiyo, mkewe Abukar, aliwapokea shimoni kwa birika la chai. Kisha, baada ya kuwatazama kwa muda, alijitwika gunia begani akajiunga nao.

"Mama, kwa bega utafika Krismasi!" Teresiah, mkubwa wa kikundi, alimtania.

"Nanyi mtafika bila shingo!" Ruqiyo alijibu, akampita.

Walibeba Jumatano nzima. Alhamisi mvua ilinyesha tena. Magunia yakawa mazito, safari zikawa fupi kwa maneno na ndefu kwa hatua. Saa kumi na moja jioni Wacuka aliufagia mwamba wake kwa ufagio wa nyumbani, nalo shimo la Abukar lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

Ijumaa mkaguzi alikuja na fimbo yake ya chuma. Aliidunga kwenye kona ya kwanza. Ikagonga. Akaidunga kwenye ya pili, ya tatu, ya nne; kila mara chuma kilirudisha sauti kavu, ya uhakika. Alitazama huku na huku akitafuta udongo uliofichwa, hakuuona.

"Mmeupeleka wapi?"

Wacuka alimkabidhi vibali, cha manjano na cha buluu. Mkaguzi alivisoma vyote viwili hadi mwisho, kisha akaandika katika daftari lake: msingi ujengwe.

Kina mama walipiga vigelegele. Walipiga vitano, kama desturi yao inavyotaka mtoto wa kiume anapozaliwa. Wacuka aliinua mkono.

"Vitano vya nani? Hii ni nyumba ya mwanamke, na itarithiwa na wanawake. Pigeni vitatu."

Wakapiga vitatu, vya msichana. Lakini waliviburuta hivi kwamba mkaguzi, aliyekwisha kufika kichochoro cha tatu, alisimama na kugeuka.