Mashine ya Chiriku

Aliyekishika chombo mwisho ndiye atakayekilipa. Sharti hilo halikuandikwa popote katika ghala la vyombo vya kukodisha, wala halikuhitaji kuandikwa. Lilijulikana kwa wachukuzi, kwa wateja, na hata kwa paka wa pale, kama alivyopenda kusema Fundi. Malipo yenyewe hayakuwa fedha. Aliyevunja alikwenda kwake, akafungua kabati lake, akaleta chombo cha ukubwa uleule na kukiweka rafuni penye pengo. Mwenye ghala alishikilia kwamba fedha husahaulika upesi, bali mtu anayekula kwenye kifuniko cha sufuria kwa kukosa sahani hasahau.

Mwenye ghala huyo watu walimwita Hakimu. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane, mnyoofu kama rula, na kila sahani iliyorudi kutoka karamuni aliigonga kwa ukucha ili asikie kama ina ufa. Msaidizi wake alikuwa mke wa Fundi, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza wala kutulia: alisema huku akitembea, alitembea huku akifuta, na akiketi, mguu wake uliendelea na safari. Lakini tangu mwaka uliopita kutotulia kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka.

Hakumwambia mtu. Aliuficha mkono chini ya aproni, au aliupa kitambaa ukishike. Chombo kilipomponyoka alisema sabuni imezidi, akalipa, na kabati lake likazidi kuwa jepesi. Hilo la kabati angelivumilia. Jambo lililomnyima raha lilikuwa jingine. Binamu yao, aliyekuwa msaidizi kabla yake, macho yalipoanza kufifia Hakimu alimshukuru kwa maneno mazuri, kisha akaupokea ufunguo wa ghala siku ileile. Chiriku hakujua angezifanyia nini siku zake bila ufunguo ule.

Ndiyo maana alipoiona ile mashine kwa muuza vyuma chakavu, moyo ulimruka. Ilikuwa mashine ya kuoshea vyombo ya zamani sana: sanduku la bati jeupe lenye magurudumu manne, mfuniko wa kufungulia juu, na mpira mrefu wenye kichwa cha kuchomeka kwenye bomba la sinki. Muuza vyuma alikuwa ameigeuza meza ya kuwekea chai yake. Chiriku aliichukua kwa kumwachia cherehani yake.

"Cherehani?" Fundi aliuliza, sanduku lilipoingia uani magurudumu yakilia. "Ile uliyonikataza hata kuipangusa vumbi?"

"Sishoni siku hizi."

"Na jeneza hili la nani?"

"La uvivu wangu. Litengeneze kwanza, matusi baadaye."

Fundi alikuwa mtengenezaji wa feni na pampu, mtu wa polepole, na upole wake ulimchoma mkewe kama miiba. Alibadilisha waya wa umeme uliokuwa umeliwa na panya. Alifungua pampu iliyokuwa ikinguruma bila kuzunguka, akatoa ndani yake kipande cha kioo na njiti ya meno ya marehemu asiyejulikana. Alikata mpira mpya wa mfuniko kutoka katika mpira wa ndani wa tairi. Chiriku alimzunguka muda wote huo, akiokota koleo na kulirudisha, akifungua bomba na kulifunga.

"Umefika wapi?"

"Palepale nilipokuwa ulipouliza sasa hivi. Mke wangu, nenda kamtembelee mtu."

"Nani? Wote wananijua."

Kilibaki kibomba cha kuzunguka, kile kinachokaa chini ya waya wa kupangia vyombo na kurusha maji juu. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe wa maji. Walikilowesha katika siki, kisha Chiriku akachukua sindano aanze kuyazibua. Sindano ilikwaruza bati huku na huku, haikupata tundu hata moja.

"Lete," alisema Fundi. "Utakichora tatuu."

"Macho yangu haya."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaipokea sindano.

Siku ya majaribio ya kwanza mashine ilivuja, ikamlowesha Fundi hadi magotini, na Hakimu akaja kusimama mlangoni.

"Hiyo mashine yenu, wifi, ikivunja sahani italipa kutoka kabati gani?"

"Haivunji."

"Mimi sijauliza kama inavunja."

"Basi atalipa aliyepanga," alisema Chiriku haraka. "Aliyekishika mwisho, kama kawaida."

"Hapo tumeelewana," alisema Hakimu, akaenda zake.

Fundi alikaza mpira, akanyoosha mfuniko uliopinda, na jaribio la pili lilipita bila tone sakafuni. Chiriku aliusikiliza mvumo wa maji ndani ya bati, akahisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alipofunua, vikombe vilikuwa vya moto na safi, na hakuna aliyekuwa amevishika kwa kuvisugua.

Jumapili alasiri vyombo vya karamu kubwa vilirudi vikiwa vimegandwa na mafuta, na mteja mwingine alikuwa akivitaka asubuhi. Hakimu alivua saa, akakunja mikono ya gauni. Awamu ya kwanza alitaka kuipanga mwenyewe, kwa kuwa hakuamini. Alipanga sahani, akapanga mabakuli, na mwisho kabisa akasimamisha pembeni dishi kubwa la kaure, kisha akaenda stoo kuleta sabuni.

Chiriku alichungulia ndani. Dishi lilikuwa limeinama kidogo. Lingekaa vivyo hivyo bila madhara, lakini yeye hakuwa mtu wa kuona kitu kimeinama akakiacha. Aliliinua. Mkono ukatetemeka, dishi likateleza, ukingo wake ukazama kati ya nyaya kuelekea kwenye kibomba cha kuzunguka. Alijaribu kulivuta, halikuja. Akasikia viatu vya Hakimu vikirudi, akafunika.

Sabuni ikatiwa, swichi ikawashwa. Maji yakavuma, kisha kukasikika ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, na baada yake mlio ambao wote watatu waliujua. Fundi akachomoa waya.

"Nani alilishika mwisho?" aliuliza Hakimu, vipande mkononi.

"Dada, tumekuona sote. Ni wewe." Fundi alishindwa kujizuia. "Leo Hakimu yuko kizimbani! Niite majirani?"

Hakimu hakucheka. Alikumbuka, akakubali kwa kichwa. "Kweli. Ni mimi." Akavua aproni, akaelekea kwake kufungua kabati, yeye ambaye hakuwahi kulipa hata kijiko.

Kwa kitambo Chiriku aliona utamu wa jambo lile. Kisha akachukua kitambaa, akafuta mfuniko uliokuwa mkavu. Akaufuta tena. Akahamisha ndoo, akairudisha. Hakuna mahali palipomkubali kusimama.

"Wifi, rudi. Si wewe."

"Usinihurumie. Nitalipa kama wengine."

"Sikuhurumii. Ulipofuata sabuni nililigusa. Likaniponyoka, likazama, nikafunika."

"Kwa nini hukulitoa?"

Chiriku aliutoa mkono chini ya aproni, akaunyoosha mbele yake. Ulitikisika kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Fundi akainama kuokota vigae ambavyo havikuwapo.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na zile siku za sabuni kuzidi?"

"Sabuni haikuzidi hata siku moja, wifi."

Hakimu alionyesha pengo rafuni. "Kalete cha kulipia," alisema.

Chiriku alirudi na bakuli kubwa la supu alilopewa na mama yake, amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakimu hakumpokea. Alimwacha alifikishe mwenyewe rafuni, likagongagonga mbao, likatulia. Kando yake Chiriku akaweka ufunguo.

"Wa nini huo?"

"Binamu ulimwondoa siku ileile."

"Nilimwondoa. Hajanisalimu mpaka leo, na sijasema nilifanya vyema." Hakimu aliusukuma ufunguo umrudie. "Kesho asubuhi uanzie kwa daktari. Ukirudi, utasimamia mashine, wewe ndiye unayeyajua maringo yake. Kupanga nitapanga mimi. Kubeba atabeba huyu."

"Huyu nani?" aliuliza Fundi.

"Aliyetaka kuita majirani."

Kisha akaligonga bakuli kwa ukucha. Lilitoa sauti moja ndefu, isiyo na ufa.

"Limelipwa," alisema, akazigeukia sahani zenye mafuta.