Dhamana ya Karani Filemoni

Mara ya saba Tekla aliposhuka kwenye lori mjini Mbeya, hakuuliza tena njia ya kwenda mahakamani. Mumewe, Filemoni Kalinga, aliyekuwa karani wa chama cha wakulima wa pareto hapo Mbeya, alikuwa amekaa mahabusu miezi kumi na minne kwa shtaka la kula fedha za wanachama. Kila kesi ilipotajwa, Tekla alifunga safari kutoka kwao Igowole, Mufindi, na mtoto mgongoni. Mara mkaguzi wa vitabu yuko likizo Ulaya. Mara mkaguzi amerudi, lakini vitabu viko Iringa. Vitabu vilipopatikana, mkaguzi alikuwa amehamishwa. Shauri likaahirishwa.

Siku hiyo, mwaka 1956, alikuwapo hakimu mgeni. Alifunua jalada polepole, akamtazama mwendesha mashtaka, kisha mkalimani akaeleza: mshtakiwa hawezi kuendelea kufungiwa kwa sababu serikali haijawa tayari. Atapewa dhamana, akipata wadhamini wawili wakazi wa wilaya hii, wenye nyumba au ng'ombe.

Tekla hakupata nafasi ya kufurahi. Mhehe wa Mufindi atampata wapi mtu wa Mbeya wa kumwekea ng'ombe wake?

Alikuwa na jina moja tu. Asukile, mkulima wa Uyole, zamani alikuwa akimsifu Filemoni kwa mwandiko wake mzuri. Naye alikuwa miongoni mwa walioibiwa. Tekla alimkuta shambani, akichuma maua ya pareto.

"Ugonile, baba," alisema. Hakujua salamu nyingine ya Kinyakyusa.

Mzee aliitikia bila kuacha kazi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Unajua kwamba pareto yangu ya mwaka mzima sikulipwa?"

"Najua, baba."

"Na bado umekuja kwangu."

"Sina mwingine wa kumwendea."

Asukile alimimina maua kikapuni, akaketi juu ya tuta.

"Mimi nami nimechoka, mama. Mara tano nimeitwa kutoa ushahidi, mara tano nimerudishwa. Mumeo akifia ndani, nani ataniambia pesa yangu ilikwenda wapi? Nitamdhamini. Lakini atakaa kwangu, nimwone kila asubuhi."

Mdhamini wa pili alikuwa shemeji yake Asukile, Lutengano, aliyetia dole gumba kwenye karatasi.

Filemoni alitoka amekonda, shati likimpwaya mabegani. Alikatazwa kuvuka mpaka wa wilaya, na kila Jumatatu aripoti polisi. Kwa hiyo hakwenda nyumbani. Alilala kwa Asukile, akalima shamba la mtu anayemdai, na Tekla akabaki naye kwa siku chache.

Siku ya nne, wakipalilia, Filemoni alisema bila kuulizwa, "Nilichukua. Si zote wanazosema, lakini nilichukua. Ndizo zilizonunua mabati ya nyumba yetu."

Tekla aliendelea na jembe mpaka mwisho wa tuta. Muda wote ule alikuwa akiwaapia watu kanisani kwamba mumewe hana kosa. Hakuwa na nguvu ya kulia, wala ya kugomba.

"Kamwambie mzee," alisema. "Leo, kabla hatujala chakula chake."

Asukile alisikia yote. Tekla alidhani ataondoka papo hapo kwenda kujitoa kwenye dhamana. Mzee alijisugua udongo viganjani.

"Ukamwambie hakimu hivyo hivyo," alisema. "Labda nami nitaacha kuitwa."

Miezi miwili baadaye Filemoni alikiri kiasi alichochukua. Mwendesha mashtaka, ambaye bado hakuwa na mkaguzi, aliondoa mashtaka yaliyobaki. Kabla ya saa nne asubuhi shauri lilikuwa limekwisha. Hakimu alisema kosa hilo lilistahili kifungo cha miezi tisa. Kwa kuwa mshtakiwa ameshakaa ndani zaidi ya hapo, aende zake, na awalipe wakulima.

"Miezi mitano iliyozidi tumdai nani?" Tekla alimwuliza mkalimani.

Mkalimani alikuwa akikusanya karatasi zake. Swali hilo hakulitafsiri.

Nje, Filemoni alisema atabaki Uyole mpaka mavuno yaishe, apunguze deni kwa jembe. Hakuna aliyemlazimisha. Alimbeba mtoto mpaka palipoegeshwa malori, akamrudisha mgongoni kwa mama yake. Tekla alipanda, akaegemea gunia, na usingizi ukamchukua kabla lori halijatoka mjini.