Ripoti ya Mama Taratibu

Karakana ya meno bandia ilikuwa na madirisha mawili, meza sita na mashine moja ya kusugulia iliyolia kama mbuzi anayechinjwa. Kwa miaka kumi na tisa Mama Taratibu alikaa meza ya dirishani, akichonga meno kwenye nta. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumharakisha.

Wasichokijua ni kwamba kila mashine ilipowashwa, alihisi anasuguliwa yeye. Ndivyo alivyozaliwa: kelele zilimuumiza, mabadiliko ya ghafla yalimvuruga, na nyuso za watu hazikumwambia kitu. Marehemu shangazi yake ndiye aliyemfundisha kupita duniani. "Ukizungumza na mtu mtazame nyusi, atadhani unamtazama macho. Wakicheka, cheka. Na usimwambie mtu, mwanangu. Wakishakuita kichaa, jina hilo halitoki hata kwa msasa."

Akayashika maneno hayo. Kila mchana alijifungia chooni dakika kumi, mtandio umemfunika kichwa kizima. Wenzake waliamini ana tumbo bovu, wakawa wanamletea dawa. Akazipokea na kushukuru.

Kisha akaajiriwa mwanamke mmoja wa makamo, fundi hodari, aliyekuja na vizuia kelele vikubwa kichwani. Hata mchana haujafika, alishabatizwa Masikio. Hakukasirika.

"Ubongo wangu una namna yake," aliwaambia. "Kelele zikizidi, akili inafunga duka. Na msiniguse kwa nyuma, nitaruka mpaka darini."

Wakacheka. Mama Taratibu naye akacheka, lakini kisu kikamteleza, akaharibu jino alilokuwa akilichonga. Hakujua kama mambo hayo yanaweza kusemwa kwa sauti.

Mwezi haujaisha, bosi akaleta mtaalamu wa mahusiano kazini. Mtaalamu akawapanga viti duara, akasema, "Hapa ni mahali salama. Semeni lolote, hakuna atakayeadhibiwa."

Watu wakatazama viatu vyao. Masikio yeye aliposikia 'lolote', alielewa lolote kweli. Akasimama, akasema mashine ihamishiwe chumba cha nyuma, na ratiba isibadilishwe asubuhi ileile. Tena akasema meno yanatoka na ncha kali kwa sababu bosi anawakimbiza, na wazee wa watu wanachubuka fizi.

"Asante kwa uwazi wako," bosi alisema, akatabasamu. Mama Taratibu hakuwa msomaji wa nyuso, ila tabasamu lile alilisoma.

Wiki mbili baadaye bosi akamwita ofisini.

"Mama yangu, wewe ndiye mkubwa pale. Niandikie ripoti kuhusu yule. Kwamba hashirikiani, anavuruga wenzake. Mistari michache tu."

"Kazi yake nzuri, bosi."

"Sijauliza kazi. Au na wewe una matatizo kama yake?"

Lilikuwa neno la mzaha, lakini Mama Taratibu alijibu haraka. "Mimi? Hapana."

Jioni akamweleza dada yake, aliyekuwa akiishi naye na ndiye pekee aliyejua siri yake.

"Ukimtetea watakuuliza umejuaje," dada yake alisema huku akikunja nguo. "Utajibu nini?"

Mama Taratibu akachukua kanga moja, akaikunja naye.

"Basi usijitie kitanzi mwenyewe. Una miaka hamsini na mbili. Nani atakuajiri?"

Asubuhi alimkuta Masikio peke yake karakanani, anakoroga jasi ya kumimina kwenye kalibu za mataya ya wagonjwa.

"Huwa unajifunika kichwa kule chooni," Masikio alisema bila kuinua uso. "Siku moja hukufunga mlango vizuri, nikakuona. Nami nilifanya hivyo kwenye kazi zangu mbili za kabla ya hii. Naona bosi ananitafutia sababu; tukienda kwake wawili, itamwia vigumu kusema mgonjwa ni mimi. Mficha uchi hazai, dada."

"Sijui unasema nini. Mimi nina tumbo."

Masikio akaacha kukoroga. Akamtazama machoni kabisa, jambo lililokuwa taabu kwake. "Sawa," akasema. "Basi niliona vibaya." Wakati huo jasi ilikuwa imeshaanza kuganda, akaimwaga yote.

Ripoti ilikuwa na mistari minne. Huyu mtu hushtuka akiguswa. Huvurugika ratiba ikibadilishwa. Hali chakula pamoja na wenzake. Hukosa raha panapokuwa na kelele. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Mama Taratibu aliisoma mara mbili, akaona kwamba angeweka jina lake mwenyewe juu ya karatasi ile, isingebadilika hata nukta. Akaweka la Masikio, akatia sahihi.

Ijumaa Masikio alifunga visu vyake vya kuchongea ndani ya taulo. Akawaaga wote, mezani kwa kila mmoja. Alipofika dirishani alisema tu, "Ubaki salama," akaenda zake. Baadaye zilikuja habari kwamba yuko nyumbani tu. Kila anakoomba kazi wanapiga simu kwanza kwa bosi.

Mtaalamu alirudi mwezi uliofuata, viti vikapangwa tena duara. Akauliza nani ana la kusema. Wakatazama tena viatu vyao. Ndipo bosi akamshika Mama Taratibu bega kwa nyuma, akamsimamisha.

"Mnamwona mama huyu? Miaka kumi na tisa, hajawahi kulalamika. Igeni mfano."

Chumba kizima kikampigia makofi, karibu kabisa na masikio yake. Akatazama nyusi zao, akashukuru.

"Umeshindaje leo?" dada yake alimuuliza aliporudi.

"Wamenipigia makofi," akasema, akapita moja kwa moja kwenda kulala, na nje jua bado linawaka.