Nusu ya Njia ni Maji

Usiku wa jana niliota nasafiri kwenda hifadhi ya kisiwa cha Kasenyanzi, na boti yenyewe ilikuwa kabati la vyombo la mama. Lilifungwa injini nyuma, milango imeachwa wazi ipate upepo. Hilo halikunishangaza. Kisiwa hakina daraja wala njia nyingine; mtu hupanda kilichopo.

Abiria wenzangu walikuwa zile glasi za wageni ambazo mama haruhusu ziguswe. Zote zilivaa majaketi ya kujiokolea.

"Hatujatoka tangu harusi ya shangazi yako," ikasema iliyokaa karibu nami. "Wewe unakwenda kutazama wanyama?"

"Nakwenda kumuaga baba."

Ndiyo shida iliyonipeleka. Baba, Mzee Bugingo, alikuwa askari wa hifadhi ile miaka yote ya utoto wangu. Alifariki siku niliyojifungua, nikiwa hospitali ya mbali, akazikwa sijafika. Watu wote walimuaga isipokuwa mimi, na mpaka leo jambo hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tunafika. Gatini amesimama kiboko mwenye kofia ya askari. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananusa kikapu changu.

"Ndizi hizo?"

"Ndizi mbivu. Karibu."

"Nina njaa kweli," anasema kiboko, "lakini ni marufuku kulisha wanyama." Anafuta mate kwa sikio, ananielekeza kwa kibao.

Ni kile kibao cha mlangoni mwa hifadhi, kinachosema usichukue chochote ila picha, usiache chochote ila nyayo. Kimekaa kitako mchangani, kinajikuna rangi.

"Namtafuta Mzee Bugingo," nikakiambia.

"Yupo. Yule alikuwa mtu wa sheria. Aliambiwa asiache chochote ila nyayo, na ndizo alizoacha. Ziko doria. Subiri."

Nikasubiri. Msitu ukageuka sebule yetu, na tembo wawili wakapita nyuma ya kochi, wakijibana wasiangushe vitambaa. Halafu zulia likawa mchanga, na juu yake nyayo zikaanza kujichapa zenyewe, moja baada ya nyingine, zinakuja kwangu. Unyayo wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Baba alisema kililiwa na mamba. Mama husema ni shoka, na alikuwapo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ileile, imekwaruzwa kidogo na tumbaku. "Umekula?"

Nikalia hapohapo. Muda wote huu nimeandaa maneno mazito, yeye ananiuliza kama nimekula. Tukala ndizi; mimi nikimenya, maganda yakibaki, ndizi zenyewe zikipotea hewani. Nikamweleza habari za mjukuu wake, kwamba naye akitembea huutupa mguu wa kulia nje kama yeye, kwa hiyo asisingizie tena kazi ya doria, ni ukoo. Nyayo zikacheka mpaka mchanga ukatikisika.

Jua likashuka nusu. Nikafungua mdomo nimuage.

"Ngoja nikusindikize," akasema.

Huyo ndiye baba. Akiwa likizo, mgeni akiaga, alimsindikiza mpaka nyumbani kwake. Mgeni kwa aibu akamsindikiza kumrudisha, naye baba akaona si vizuri, akatoka naye tena. "Baba yenu akisindikiza hajui kugeuka," mama alikuwa akituambia, huku akifunika sufuria.

Kiboko akaziba gati. "Nyayo hazitoki. Ni mali ya kisiwa. Mgeni hachukui chochote ila picha."

"Mgeni hajachukua," kikasema kibao. "Huyu ni mwenyeji, anasindikiza. Nisome, unioneshe palipoandikwa kwamba kusindikiza ni marufuku."

Kiboko anakizunguka, anakisoma mbele, anakisoma nyuma. "Basi aende nusu ya njia," anasema. "Ndiyo desturi. Mwenyeji hugeukia nusu ya njia."

"Nusu ya njia ni maji," kinasema kibao. "Atageukia wapi?"

Kiboko akaokota ganda la ndizi, akalila, akaeleza kwamba anafanya usafi.

Tunavuka. Glasi zimelala kwa uchovu. Nyayo za baba zinafuata ubavuni mwa kabati, zinachimbika juu ya maji, mawimbi yanazifukia. Naiona nchi kavu. Najua tukifika lazima nimuage, na ghafla sitaki. Navuta pumzi, nasema, "Baba..."

Nikaamka. Kumekucha, niko nyumbani kwa mama, mwanangu kanilalia mkono. Juu ya sakafu ya saruji palikuwa na nyayo za maji zenye mchanga kidogo, kutoka mlango wa nje hadi kitandani kwangu. Hapo zilisimama. Kisha ziliendelea mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama, zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwapo.

Mama akatoka na ufagio, akaziona. Akainama, akautazama unyayo wa kushoto kwa muda mrefu.

"Shoka," akasema. "Mwambie nilikuwapo."

Nilitaka kusema kwaheri, hatimaye. Likatoka neno jingine.

"Karibu, baba," nikasema. Mama akauegemeza ufagio ukutani, akaenda kabatini kutoa glasi ya wageni.