Aliyekata Minazi ya Uwanja

Sihaba anajinyoosha mkekani kando ya kitanda cha bibi yake, Bi Mwanahija, na swali la bibi huyo mgonjwa halimtoki kichwani: Baba yangu alichukuliwa Vita Kuu ya Kwanza, akakate minazi ya kisiwa chetu ndege zipate uwanja wa kuisakia meli ya adui. Hakurudi, nasi kila Ijumaa tunamwombea dua ya msafiri. Wewe uliyesoma, nambie: yungali safarini, au amekufa, tumsomee hitma? Sihaba anafumba macho atafakari, na sakafu inageuka njia, na njia inaingia mji ambao kila nyumba inatazamana na pacha wake, na mlangoni amesimama askari asiye na macho wala pua. Namtafuta Shomari bin Kombo, Sihaba anasema. Askari anauliza, ndege ilipaa? Ilipaa. Ikaiona meli ya adui? Ikaiona. Meli ikazama? Ikazama. Basi kisiwa kimemaliza kazi yake, mtu wa nini tena? Sihaba anampita, anatembea, na njia inamrudisha kwa askari yuleyule. Ndege ilipaa? Mbona mnanizungusha kama ngamia wa kinu cha mafuta, anasema, mimi nauliza mtu, nyinyi mnanijibu meli. Anaiacha njia, anakata katikati ya nyumba na pacha wake, anatokea uwanjani. Mwanamume anakata mnazi, mnazi unaanguka, akigeuka unasimama tena. Huyu ana uso, na paji lake ni la bibi. Babu Shomari? Wewe wa nani, mwanangu? Mjukuu wa Mwanahija. Mwanahija ndiye nani? Binti yako, babu, alizaliwa umeshachukuliwa. Shoka linamshuka mkononi. Kumbe ni binti, anasema, na anacheka kidogo. Basi mwambie, kila Ijumaa mnaniombea nirudi, na kila Ijumaa nainuka nirudi, na njia hii hairudi. Nimechoka. Niacheni nilale. Ulizikwa wapi? anauliza Sihaba, lakini filimbi ya askari inalia, na shoka limekwisha kuinuliwa.

Yuko mkekani. Bi Mwanahija amegeukia ukutani, uso hauonekani, na Sihaba hajui kama ameamka au amefika mji mwingine. Tusome hitma, bibi, anasema. Nani kakwambia? Mwenyewe. Kisha mtu analia, kilio cha mtoto aliyefiwa leo, na Sihaba ananyoosha mkono aguse bega lile, akiomba liwe la kweli.