Hatua ya Arobaini na Moja

Mama ni fundi cherehani mstaafu, na mpaka leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Ndiyo maana nilishangaa kumkuta ameinamia simu, ananung'unika kwamba akili imemwisha.

"Siku ya nne hii," akaniambia. "Nimekwama hatua ya arobaini na moja. Nadhani ndio uzee wenyewe, mwanangu."

Gemu hilo tulilitengeneza mimi na kaka yangu. Mimi nilitunga mafumbo, yeye akashika biashara. Lilikuwa la mtindo wa zamani: picha za miraba mikubwamikubwa, rangi nne tu, mlio wa ti-ti-ti. Kila hatua ni chumba kimoja, makasha machache na mlango. Unasukuma makasha mpaka mlango ufunguke, kisha unajicheka kwa nini hukuona mapema. Hatua ya arobaini na moja niliipenda kuliko zote. Ilitaka misukumo kumi na mmoja tu.

Nikaichukua simu, nikasukuma mara kumi na moja. Mlango kimya. Nilipotazama vizuri, kasha moja lilikuwa limehamishiwa konani, na katika gemu letu kasha husukumwa, halivutwi. Likishaingia kona, limekufa. Chini yake palikuwa na kitufe nisichokiweka mimi: Tazama tangazo upate msaada. Mama alikuwa ameshatazama matangazo zaidi ya thelathini. Kila msaada ulimwambia ajaribu tena.

Nilihisi kama nimemeza nzi.

Kaka nilimkuta ofisini anakula juu ya kibodi, vidole vinang'aa mafuta. Hakukana; alilihamisha kasha wiki tatu zilizopita. Alinieleza huku akitafuna kwamba mtu akikwama ndipo anapotazama matangazo. Wakorofi watalifuta gemu, lakini wapole wataendelea kujilaumu, na wapole ndio wengi. Alilitamka neno hilo, kujilaumu, kama mchuuzi anayesifia bidhaa.

"Mama anadhani anarukwa na akili," nikamwambia.

Akalamba kidole gumba. "Basi yeye nitamfungulia mlango. Yeye peke yake."

Nikakaa kwenye kompyuta yangu, nikalirudisha kasha mahali pake, nikaandika chini ya fumbo kwamba kwa wiki tatu halikuwa na jibu na waliokwama hawakukosea. Nikalituma kwa wachezaji wote kaka akiwa bado anabishana, ananikumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nikaaga bila kumpa mkono.

Nyumbani nilimsimulia Mama yote. Nilitegemea amtetee, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Juzi alipiga simu kunijulia hali," akasema. "Nikamwambia nimekwama. Akanijibu, pole Mama, ndio umri huo."

Gemu hakuligusa tena, ingawa nilimwambia limetengemaa. Kaka akija Jumapili, humkaribisha na kumpa kiti kama kawaida. Ila akimuuliza hali, humjibu "nzuri," basi, akarudi kwenye cherehani.