Kapera wa Miaka Kumi na Tisa

Kapera! Mtu ana watoto wanne, wa kwanza ameshamaliza kidato cha nne na ndevu zinamtoka, halafu anabandikwa kwenye ubao wa kanisa kwamba ni kapera. Beldina aliisoma ile picha kwenye simu ya Sylvia, akairudisha, akainyang'anya tena kuisoma upya. Erastus Simiyu, kapera, wa Ekero. Tracy Awinja, msichana, wa Kakamega. Harusi Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kwa msajili wa ndoa, Kakamega.

"Nimeipiga jana kanisani tunakosali siku hizi, baada ya ibada," Sylvia alisema. "Nikasema hata kama hatusalimiani, hili siwezi kunyamazia."

Na kweli walikuwa hawasalimiani. Miaka sita Sylvia hakuwa amekanyaga boma la Beldina, na Beldina alikuwa akimwona barabarani anavuka upande wa pili, kwenye miwa. Kosa la Sylvia lilikuwa nini? Alikwenda na mumewe Kakamega wakachukua cheti cha ndoa. Basi. Mumewe alikuwa amepata kazi yenye bima ya matibabu, na bima ikataka cheti ndipo imwandike mke.

Lakini katika Kanisa la Ushuhuda wa Mbingu hiyo ilikuwa dhambi ya kufukuzisha mtu. Mwanzilishi wao aliacha amri mbili juu ya ndoa. Ng'ombe wasitolewe, kwa sababu binti wa Mungu hauzwi. Karatasi isiandikwe, kwa sababu Mungu akishashuhudia hahitaji serikali imsaidie. Bwana na bibi harusi wananawa mikono katika karai moja mbele ya waumini, ngoma inapigwa, wameoana. Beldina alinawa hivyo, na Sylvia huyo huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wake, akimshikia taulo. Tena Beldina alijivunia. Wenzake wakihesabiwa ng'ombe kama mzigo sokoni, yeye aliolewa bure, kwa heshima. Baadaye akawa mwalimu wa maharusi wote pale kanisani, na siku ya kumfukuza Sylvia ni yeye aliyesimama mbele ya watu akasema, "Asiyemwamini Mungu kwa ndoa yake, atamwamini kwa lipi?" Waumini wakasema amina.

"Kaa basi, Mama Brian," Beldina alisema sasa, akimsogezea kiti.

"Sikuja kukaa. Nenda ukamzuie huyo mwanamume."

Kesho yake asubuhi Beldina alikuwa Kakamega, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako Erastus alikuwa msimamizi wa stoo. Tangu Pasaka hakuwa amefika nyumbani, kila akipigiwa anasema kazi imezidi. Kazi ndiyo hii! Alipomwona mkewe mlangoni alimshika kiwiko haraka haraka, akampeleka nyuma ya duka kwenye mabati.

"Mama Eugene, ungenipigia simu kwanza."

"Nikupigie nikuulize nini? Nikuulize kapera ameamkaje?"

Erastus alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. "Usipige kelele, niko kazini. Kusema ukweli, mimi na wewe hatukuoana. Kisheria, nasema. Tuliombewa tu."

Tuliombewa tu! Miaka kumi na tisa. Mimba tano, moja ikatoka. Mama yake Erastus alipopooza, nani alimwosha miezi kumi na minne, nani alimlisha ugali ule wa obusuma kidogo kidogo kwa vidole mpaka akafa? Mtu aliyeombewa tu? Beldina alitamani kuokota kipande cha bati amkate nacho huo mdomo.

"Rudia," alimwambia.

"Nimeshauliza wakili. Hakuna cheti, hakuna mahari. Watoto ni wangu, siwakatai, nitawatunza. Lakini nimehama lile kanisa, na kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Tracy anataka harusi ya kuandikwa. Na wewe si ndiye ulikuwa unatufundishanga kwamba karatasi ni dhambi?"

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwanamume alikuwa ameyabeba maneno yake mwenyewe miaka yote hiyo, akayaweka stoo pamoja na misumari na saruji, akangoja siku ya kuyauza. Beldina aligeuka akaondoka, kwa sababu angebaki dakika moja zaidi angelala rumande.

Aliuliza njia mpaka akafika kwa msajili wa ndoa. Nyuma ya meza alikuta karani, msichana wa miaka thelathini hivi anayeitwa Natasha, mpole, mwenye kalamu sikioni.

"Mlitoa mahari, mama?"

"Kanisa letu halikubali."

"Cheti je?"

"Kanisa letu halikubali."

"Na mchungaji aliyewaoanisha alikuwa na leseni ya kufungisha ndoa?"

Beldina alicheka, kicheko kibaya. Leseni! Kama ya bodaboda! Natasha hakucheka. Alieleza pole pole kwamba sheria inatambua ndoa ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kiislamu na ya Kihindu, na kila moja ina masharti yake. Ya kwake haikutimiza ya upande wowote. Lakini watu wakiishi kama mume na mke miaka mingi hivi, jamii nzima ikiwajua hivyo, korti inaweza kuamua kwamba walikuwa wameoana.

"Kwanza uizuie hiyo harusi," alisema. "Andika pingamizi, utie saini yako, na umlete mtu aliyeona mkioana. Kabla ya Ijumaa. Ukisema kwa mdomo tu hatuwezi kufanya chochote."

"Yaani nisaini kuhusu ndoa yangu."

"Ndiyo, mama. Usiposaini wewe, nani atajua iliwahi kuwepo?"

Natasha alimsogezea fomu, Beldina akaisukuma kando. Usidhani alikuwa akiigiza imani. Mwanamke huyu alifunga siku tatu kila mwezi, na alikuwa anaogopa jehanamu kama unavyoogopa moto wa jikoni. Kwake, kutia saini kulikuwa ni kumwambia Mungu usoni kwamba ushahidi wake hautoshi. Aliichukua fomu ile, akaikunja mara nne, akaiweka chini kabisa ya mkoba.

Jioni alikuwa kwa Askofu Makhanu, aliyewanawisha mikono siku ya kuoana kwao. Mkewe Mideva alileta chai, akaketi pembeni. Beldina alieleza yote. Askofu alisikiliza akitikisa kichwa kwa huzuni, na kwa muda Beldina alidhani mambo yametengenezeka.

"Erastus ametenda uovu mkubwa," askofu alisema. "Tutamwombea."

"Baba Askofu, sitaki aombewe. Nataka uje nami Kakamega useme ulituoanisha. Dakika tano tu. Useme na uandike jina lako."

"Binti yangu, unajua siwezi."

"Huwezi kusema ukweli?"

"Siwezi kuuandikia serikali. Nikisaini leo, nimekubali kwamba zile ndoa zote mia na zaidi nilizofungisha zilikuwa na upungufu. Katiba yenyewe inatupa uhuru wa kuabudu. Hakuna wa kunilazimisha."

Beldina aliweka kikombe chini. "Erastus naye amesema hivyo hivyo. Ana uhuru wa kuabudu. Wewe una uhuru wa kuabudu. Huyo Tracy ana uhuru wa kuabudu. Kila mtu ana uhuru nchi hii, na wote mmekuja kuukalia mgongoni mwangu!"

"Beldina, ukisaini hiyo fomu, Sabato hii, Jumamosi, usije kanisani," askofu alisema, naye sauti imepanda. "Sheria unaijua. Ni wewe uliyekuwa ukiifundisha."

"Ulipotuoanisha ulisema mbingu imeshuhudia. Haya, iambie mbingu impigie msajili simu!"

Mideva alishika mdomo. Hata Beldina mwenyewe alishtuka kidogo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kusema kweli hakulijutia. Alitoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake, na mkata miwa mmoja aliyempita alimsalimia mulembe asiitikiwe. Alimkasirikia Erastus, akamkasirikia askofu, na alipofika karibu na kwa Sylvia akagundua kwamba mtu aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa mwalimu wa maharusi. Mabinti wangapi? Ishirini? Thelathini? Wote aliwafundisha kuingia kwenye nyumba isiyo na mlango wa nyuma, akawaambia huko ndiko kumwamini Mungu.

Sylvia alikuwa akichambua mboga za saga.

"Umemzuia?"

"Wanataka shahidi. Askofu amekataa."

"Ehe. Na mimi unanitaka nini?"

"Wewe ndiye uliyenisimamia."

Sylvia aliendelea kuchambua. "Siku ile mlinifukuza, mtoto wangu Brian alikuwa na miaka minne. Akawa ananiuliza kwa nini Mama Eugene hamsalimii tena. Nilikosa la kumwambia. Nitakuja, Beldina. Lakini kabla sijaja, sema."

Na Beldina alisema. Hakuzunguka. Alisema, "Nilikukosea. Nilikufukuza kwa sababu ya karatasi, na leo niko mlangoni kwako natafuta karatasi. Nilikuwa na kiburi, nikakiita imani." Machozi yalimtoka, ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Sylvia aliondoa sinia mapajani, akaenda kumtafutia kalamu.

Alhamisi waliipeleka fomu. Pale kwenye saini Beldina alikawia mpaka Natasha akamwuliza kama anataka maji. Hakutaka maji. Aliandika jina lake lote, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Habari zilimfikia askofu, na kabla ya jua kuchwa Mideva alikuwa amempigia. "Usije Jumamosi, dada," alisema kwa kunong'ona, halafu akakata.

Harusi ilisimamishwa. Wiki iliyofuata wote waliitwa mbele ya msajili, mzee mwenye miwani minene. Erastus alikuja amevaa suti, bila Tracy. Natasha alikuwa pembeni akiandika. Sylvia alieleza alichokiona siku ile, karai, taulo na ngoma, hakuongeza wala hakupunguza. Kisha msajili akamgeukia Erastus.

"Umeapa hapa. Huyu mama aliyeketi hapa ni nani wako?"

Erastus alikohoa. Alimtazama Beldina kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mabati. "Ni mama wa watoto wangu."

"Sikukuuliza ni nani wa watoto wako."

Erastus alifuta jasho kwa mkono wa suti. Mwishowe alisema, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua amepoteza, "Tazama, mheshimiwa, sitaki vita. Nimefikiria. Mama Eugene, acha hii kesi, mimi nitarudi nyumbani. Huyo Tracy tumeachana. Turudi kama zamani, hata kwa askofu tutaenda tuombe msamaha."

Sylvia aliguna. Msajili aliinua macho, na ilionekana kwamba hata yeye alipumua. Mambo yakiisha nyumbani ofisi hupumzika.

"Mama, umesikia," alisema. "Nifunge faili?"

"Usifunge," Beldina alisema. "Natasha aliniambia korti inaweza kutamka kwamba nilikuwa mke."

"Ndiyo. Lakini mumeo amekubali kurudi. Korti ya nini tena?"

Beldina alisimama.

"Huyu aliniambia niliombewa tu. Nikinyamaza leo, ataondoka tena siku anayotaka, hana wa kumuaga, maana hakuna alichofunga. Na mimi siwezi hata kumwacha. Utamwachaje mtu ambaye hukuolewa naye? Nataka korti iseme nilikuwa mke wake, miaka kumi na tisa, iandikwe, ipigwe muhuri. Halafu siku hiyo hiyo, hapo hapo, nataka niombe talaka."

"Mama Eugene!" Erastus alisema.

"Nitakuacha nikiwa mke wako," Beldina alimwambia, akachukua mkoba wake, akamwuliza Natasha korti iko upande gani.